Mbwa Aliyetakiwa Kufika Hai

Nilirudisha funguo za pikapu Ijumaa, na kufikia Jumatatu mchana nilikuwa nimepigiwa simu mara tatu nikiulizwa ile kamba ndefu huwekwa wapi. Haiwekwi popote. Niliitupa mwenyewe zamani, na sababu yake mtaipata humu. Daktari Chebet ndiye aliyenishauri niandike mambo haya mara moja, ili ninyi mnaoshika usukani muwe na pa kusoma, na mimi nipalilie sukuma wiki zangu hapa nyumbani Matisi bila simu kuita mfukoni.

Kwa asiyenijua, naitwa Naliaka, ingawa wengi huniita Dere, yaani dereva, au Mama Dere. Nilizaliwa Tongaren, na kwa miaka ishirini na sita nimekuwa dereva wa kliniki ya wanyama hapa Kitale. Ng'ombe hawakupanda gari langu, kwa sababu daktari huwaendea huko huko waliko. Abiria wangu walikuwa mbwa. Niliwatoa mashambani, nikawaleta kliniki, nikawarudisha kwao. Wateja wetu wako Trans-Nzoia na wako Bungoma, kwa hiyo barabara ya Kiminini hadi Kamukuywa naijua shimo kwa shimo, pamoja na yale yaliyozibwa yakafunguka tena.

Aliyenifundisha kazi ni dereva aliyenitangulia, Mzee Mwaura, mtu mfupi wa maneno machache aliyevaa koti zito hata Januari. Siku ya kwanza nilifika saa moja kamili, nimevaa viatu vipya, nikitarajia kupewa funguo. Mzee Mwaura alifungua mlango wa kizimba cha mbwa kilichokuwa nyuma ya pikapu, akasimama kando yake kama anayemkaribisha mgeni sebuleni.

"Ingia," akasema.

"Niingie wapi, Mzee?"

"Hapo ndani. Tunaenda Kiminini na kurudi."

Nilidhani ananitania. Niliangalia kliniki nikitafuta mtu wa kucheka naye, sikumwona. Nikavua viatu vipya, nikaingia kwa magoti, naye akafunga komeo na kuondoka. Sitawaambia mengi kuhusu safari ile, maana watu wa Kitale walioniona wengine bado wako hai na wananikumbusha. Lakini kwenye tuta la kwanza niligonga kichwa. Kwenye kona niliteleza kwenye bati mpaka bega likajaa alama za wavu. Aliposhika breki ghafla kwa sababu ya mbuzi, nilisukumwa mbele nikaumia mdomo. Jua lilipiga juu, moshi wa gari ukaingia kutoka chini, na sikuwa na njia ya kumwambia dereva asimame.

Tuliporudi alinifungulia. "Umeona nini?"

"Sijaona kitu, Mzee. Nilikuwa najishikilia tu."

"Sasa mbwa hana mikono ya kujishikilia," akasema, akaingia ndani kunywa chai yake.

Somo la kwanza lilikuwa hilo, na masomo mengine yote yalitoka humo. Siku hiyo hiyo alasiri tulitandika mpira wa matairi kwenye sakafu ya kizimba ili kucha zipate pa kushika. Tukakisogeza mpaka kikagusa kebini, tukakifunga pande zote nne, na juu yake tukaweka turubai lenye nafasi ya hewa ubavuni. Kizimba hicho kimebadilishwa wavu mara mbili, lakini kinakaa pale pale tulipokiweka. Msikihamishe ati kwa sababu mnataka nafasi ya viazi.

Kosa langu kubwa nililifanya mwezi wangu wa pili kazini. Mzee Mwaura alikuwa likizo. Mkulima mmoja wa upande wa Kiminini alikuwa na mbwa mkubwa ambaye hakuenea kwenye kizimba, na mimi kwa uvivu nikamfunga kwa kamba ndefu, shingoni, kwenye chuma cha pikapu. Nilifikiri kamba ndefu ni hisani, apate kujinyoosha. Mbele kidogo akaona mbuzi, akaruka. Kamba ilikuwa ndefu vya kutosha kumtoa nje ya gari, na fupi vya kutosha asifike chini. Kama si mwendesha baiskeli aliyepiga kelele, ningefika Kitale na mzoga unaoning'inia. Nilisimama, nikamnyanyua na kumlegeza shingo, nikaketi naye kwenye nyasi mpaka alipoanza kupumua vizuri. Alikohoa wiki nzima, akapona. Kamba niliitupa kwenye shimo la choo, na mkulima nikamweleza ukweli wote kabla hajauliza.

Baada ya hapo nilimwendea fundi wa viatu wa Matisi, nikamletea mishipi ya magari mabovu, akanishonea mikanda ya kifua ya saizi tatu. Mbwa asiyeenea kizimbani hukaa kiti cha nyuma cha gari la mwenyewe, amevaa mkanda wa kifua, na mkanda umefungwa kwenye mshipi wa kiti. Shingo ni ya kubwekea, si ya kufungia mbwa ndani ya gari linalokimbia.

Mengine ni madogo ila yana uzito wake. Mbwa asile saa chache kabla ya safari, la sivyo mtaosha gari wenyewe, na mimi sitakuwapo. Apelekwe kukojoa kwanza. Maji yawepo, madumu mawili yakiwa yamejaa daima. Kichwa kisitoke dirishani, hata kama picha inapendeza, kwa sababu vumbi na kokoto za Kamukuywa hazichagui jicho. Na mbwa asipakatwe na dereva. Mteja wetu mmoja wa mjini alikuwa akimpakata mbwa wake mdogo mweupe kila anapokuja, tukimwambia anacheka. Siku moja yule mdogo aliteremka akalala chini ya breki. Bwana huyo aliingia shambani mwa watu, akapita katikati ya mahindi yaliyokuwa yameanza kutoa mbelewele. Hakuna aliyeumia ila mahindi, na tangu siku hiyo mbwa akapata kiti chake.

La mwisho kabla sijafika kwenye jambo lenyewe ni gunia. Mnajua desturi ya huku kwetu: mtu akihamisha mbwa, au akitaka kumtupa mbali, humtia kwenye gunia, akalifunga mdomo, ili mbwa asione njia akarudi. Nimefungua magunia mengi. Nimewaona mbwa waliojisaidia humo na kulalia, nimewaona waliotafuna sisali mpaka ufizi ukatoka damu. Na bado wanarudi. Mmoja alitolewa Chwele akiwa ndani ya gunia hadi hapa Matisi, siku ya tatu akawa Chwele anaota jua mlangoni kwao. Macho yalifungwa, pua haikufungwa. Lakini ukimwambia mtu hivyo anakuitikia kwa adabu, kisha anakwenda kutafuta gunia.

Sasa niwaambie kuhusu Watasema.

Ilikuwa mwezi wa pili, miaka michache iliyopita, jua likiwa la kupasua midomo. Asubuhi mama mmoja wa Tongaren alipiga simu kliniki. Tumwite Mama Mercy. Binti yake, Mercy, wa miaka saba, alikuwa ameumwa na mbwa wa jirani jioni iliyotangulia, mkononi, chini ya kiwiko. Mama alikuwa amefanya yote yaliyotakiwa: aliosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda mrefu, akampeleka mtoto hospitali bila kungoja, akachomwa sindano ya kwanza ya kuzuia kichaa cha mbwa. Daktari wa hospitali akamuuliza, mbwa yuko wapi? Mbwa anatakiwa kuangaliwa siku kumi. Akibaki mzima siku hizo zote, basi hakuwa na kichaa siku alipouma. Akifa, au akipotea, hakuna atakayejua.

Mwenye mbwa alikuwa Mwalimu Barasa, mstaafu, mtu wa heshima, mzee wa kanisa. Mbwa wake alimpa jina Watasema, kwa sababu alipojenga nyumba ya matofali majirani walisema sana, naye akaamua kuwajibu kila anapomwita mbwa. Mwalimu alikuwa amemhakikishia Mama Mercy kwamba mbwa amechanjwa, tena kwenye kliniki yetu. Daktari Chebet alifungua kitabu huku mama akiwa kwenye simu. Watasema alichanjwa kweli, mara moja, alipokuwa mtoto. Tangu hapo miaka mitatu ilikuwa imepita na hakuna aliyemleta tena.

Daktari hakumficha. Alimwambia mtoto aendelee na sindano kama hospitali ilivyopanga, asikose hata moja. Kisha akaniita. "Dere, nenda Tongaren na kizimba. Huyo mbwa namtaka hapa, na namtaka akiwa hai. Wasimuue na wasimwachilie."

Nilichukua glavu za fundi wa kuchomelea vyuma, zile zinazofika kiwikoni, blanketi, mkanda wa kifua, madumu mawili ya maji. Nilipofika Tongaren nilimkuta Mama Mercy amesimama langoni kwa Mwalimu, amejifunga leso kiunoni. Mtoto alikuwa amebaki kwa bibi yake. Mke wa Mwalimu alikuwa ndani ya lango, analia kimya kimya.

"Ameenda naye," akasema. "Vijana walikuja na rungu wakitaka kuua mbwa. Mwalimu akaona aibu, akaona huruma. Akamweka kwa gunia, akatia kwa buti ya gari, akasema anaenda kumwacha soko ya Chwele. Ati kule watu ni wengi, atapata mwenye kumchukua."

"Ameondoka saa ngapi?"

"Imepita saa moja. Simu ameiacha hapa mezani."

Mama Mercy alizunguka pikapu, akafungua mlango wa abiria, akaketi. Ilibidi nimkumbushe kufunga mshipi.

Kutoka Tongaren hadi Chwele si mbali ukiwa unaenda harusini. Siku ile barabara haikuisha. Nilikuwa nahesabu kichwani: saa moja tangu aondoke, saa nyingine ya njia, jua linapanda, buti la bati, gunia. Gari dogo likisimama juani lina joto la jiko, na buti halina hata dirisha la kudanganyia. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema tu, na ndani ya gunia anahema hewa yake mwenyewe. Sikumwambia Mama Mercy haya. Niliendesha, nikapunguza kwenye matuta, nikaongeza baada yake. Tulipopita Kimilili aliniuliza jambo moja.

"Mama Dere, akifa kabla tufike, hawawezi kumpima?"

"Wanaweza, kichwa kikipelekwa maabara kwa haraka. Lakini akiachiliwa sokoni, hata kichwa hatutakiona."

"Basi endesha," akasema.

Chwele ilikuwa siku ya soko. Mnaijua ilivyo: pikapu za vitunguu, kuku wamening'inizwa kwa miguu, bodaboda zimebeba mbuzi wawili wawili. Kutafuta gari dogo jeupe pale ni kazi ya bure, ila Mwalimu alikuwa ameegesha kama mwalimu, sambamba kabisa na ukuta wa kinu cha kusaga, na kofia yake ya kanisani iko juu ya dashibodi. Jua lilikuwa limelilalia gari lote. Madirisha yamefungwa, milango imefungwa, na hakuna mtu.

Vijana wa bodaboda walikuwa wameketi kivulini ng'ambo. Nikawauliza.

"Hiyo gari ilikuwa inalia, madam," mmoja akasema. "Kitu ilikuwa inagonga gonga hapo nyuma. Saa hii imenyamaza."

Kunyamaza ndiko nilikokuwa nakuogopa njia nzima. "Mwenyewe ako wapi?"

Akaonyesha hoteli kwa kidevu. Nilimkuta Mwalimu Barasa ameketi peke yake kwenye meza ya pembeni, chai mbele yake imefanya utando juu. Hakuwa amemtupa mbwa. Alikuwa amefika, akazima gari, akashindwa, akaja kuketi. Alikuwa amekaa hapo karibu saa nzima akijishauri, huku anachojishauri juu yake kinapikika ndani ya buti.

"Ah, Mama Dere," akasema, akataka kusimama anisalimie vizuri. "Nilikuwa tu napumzika kidogo, halafu nione vile..."

"Mwalimu, funguo."

"Unajua hii mambo si vile watu wanadhani."

"Nipe funguo, Mwalimu."

Nilivaa glavu kabla sijafungua buti. Hewa iliyotoka ilinipiga usoni. Gunia lilikuwa limelowa, limejikunja kwenye pembe, na kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka sikuona likisogea. Nikaita jina. Kitu ndani kikavuta pumzi, ya juu juu, ya haraka.

Hapa nataka mnisikilize, maana ndipo wengi wangekimbilia kufungua mdomo wa gunia. Mbwa aliyechanganyikiwa akitoka guniani hana rafiki. Atakuuma au atakimbia, na huyu hakuruhusiwa kufanya lolote kati ya hayo. Nilimfunga mkanda wa kifua juu ya gunia lenyewe, nikafunga kamba fupi kwenye chuma cha pikapu niliyokuwa nimeisogeza kando, nikamshusha kivulini upande wa ukuta, kisha nikachana gunia kwa kisu kuanzia miguuni.

Watasema alilala ubavu, macho nusu wazi, ulimi mrefu umeiva kama zambarau, mate mazito yamejaa kifuani. Mate hayo yalitokana na joto. Mbwa aliyezidiwa na joto hutoa mate hivyo. Lakini katikati ya soko, mate ya mbwa yana maana moja.

"Huyo ako na kichaa!" mtu akasema kwa sauti. Soko likarudi nyuma hatua tatu, kisha mikono ikaanza kuokota mawe. "Si mumwue tu, bana. Mnangoja aume nani?"

Nilikuwa nimepiga magoti, glavu zimelowa, simu begani Daktari Chebet akiwa ananiambia nimwage maji tumboni na miguuni, maji ya kawaida tu, yasiwe baridi kali, na mkono wangu usifike mdomoni mwake. Sikuwa na namna ya kusimama. Mama Mercy ndiye aliyesimama. Alijiweka kati ya mbwa na watu, akainua mkono wake ukakutana na ule wa kijana mwenye jiwe kubwa kuliko yote.

"Amemuuma mtoto wangu," akasema. Hakupiga kelele, ikabidi wanyamaze ili wamsikie. "Jana jioni. Daktari anataka aone kama ataishi siku kumi. Akiishi, mtoto wangu ni mzima. Mkimuua huyu, mimi nitajuaje?"

Kijana aliweka jiwe chini polepole, na nadhani hakujua afanye nini na mkono wake baadaye, kwa sababu alikwenda akaniletea dumu la tatu. Mama Mercy akararua kipande cha katoni kutoka kwa muuza sabuni, akapiga magoti upande wangu, mbali na mdomo kama nilivyomwelekeza, akaanza kumpepea.

Nimeona mengi katika kazi hii, lakini jambo kama lile sijaliona tena. Mtoto wake ana bandeji mkononi nyumbani kwa bibi, na yeye yuko vumbini Chwele anampepea mbwa aliyemuuma. Alipepea mpaka leso ikamfunguka, akaifunga kwa mkono mmoja na kuendelea kwa mwingine. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yetu, kofia mkononi, hana kazi. Nikampa dumu ashike.

Baada ya muda, sijui muda gani, kuhema kukapungua. Ulimi ukarudi rangi ya ulimi. Watasema akainua kichwa, akaangalia sahani ya maji niliyoisogeza kwa fimbo, akanywa.

"Si ameona maji na hajaogopa," yule kijana akasema. "Huyo ni mzima."

Watu wakacheka kwa kushusha pumzi, mawe yaliyobaki yakaanguka. Daktari alisikia kelele hizo kwenye simu, akaniambia nisije nikamwambia Mama Mercy hivyo. Ni kweli mwenye kichaa hufika mahali pa kushindwa kumeza, lakini mbwa kunywa maji si cheti. Cheti ni siku kumi. Nikamwambia mama ukweli huo, naye akaitikia kwa kichwa na kuendelea kupepea.

Tulimwingiza Watasema kizimbani kwenye mpira uliolowa, turubai juu, pande zote wazi. Mwalimu aliomba apande nyuma na mbwa wake. Nikakataa. Nyuma hapandi mtu akiwa na mbwa wa namna hiyo, hata mwenyewe, hata akiwa mzee wa kanisa. Afuate na gari lake, madirisha chini. Nikatoka Chwele kwa mwendo ambao bodaboda za mbuzi zilinipita. Nilifungua macho kwa kila tuta, nikashika breki mapema kama ninayebeba mayai, na katika kila kona nilikumbuka bati likipita chini ya mgongo wangu. Mama Mercy aligeuka kuangalia dirisha la nyuma njia nzima.

"Anapumua?"

"Wewe ndiye unayemwona. Anapumua?"

"Anapumua."

Tulisimama Kimilili tukamwagia maji. Tulisimama Kamukuywa, kwenye kivuli cha duka lililofungwa, na hapo Mwalimu alishuka garini mwake akaja mpaka dirishani kwa Mama Mercy. Alisimama kidogo kama mtu anayengoja kengele.

"Mama Mercy, mbwa hakuchanjwa. Nilikudanganya. Cheti ilikuwa ya zamani, na nilikuwa nimeambia watu wote..." Akakwama. "Niliona aibu."

"Najua, Mwalimu. Daktari aliniambia asubuhi."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nangoja wewe useme." Akafungua mlango, akashuka, akamwagia mbwa maji mwenyewe kwa kikombe, huku mimi nimeshika kamba. Mwalimu alitoa leso yake akafuta uso, na hakuna kati yetu aliyemwangalia.

Tulifika Kitale saa tisa na nusu, Watasema akiwa amesimama kwa miguu yake. Daktari Chebet alikuwa langoni amevaa glavu, na nilipozima injini niligundua mikono yangu haitaki kuachia usukani. Nilikaa hapo nikacheka peke yangu kama mjinga.

Kisha zikaja siku kumi. Watasema alikaa kwenye banda la uangalizi lenye milango miwili. Sikuwa na kazi huko, lakini kila asubuhi kabla ya kuangalia maji na mafuta ya gari nilipita kwanza bandani. Siku ya kwanza hakula, nami sikula vizuri. Siku ya pili alikula kidogo. Siku ya nne Daktari, akimtazama kutoka nje ya wavu, aliona anainamisha kichwa upande mmoja, na sikio la kushoto limevimba. Siku zilipoisha na akaweza kumshika bila wasiwasi, alikuta jipu humo ndani. Mercy alikuwa amezoea kumkumbatia akimshika masikio. Jioni ile alishika lile lenye jipu. Basi, ndiyo sababu. Lakini siku ya nne hatukujua, na uvimbe wa sikio haumzuii mbwa kuwa na kichaa.

Siku ya saba alibweka. Siku ya nane alinibwekea mimi, na nilifurahi kutukanwa hivyo.

Asubuhi baada ya siku ya kumi kukamilika, Daktari alimchunguza, akaandika, akaweka kalamu chini, akavua miwani. "Mzima kabisa," akasema. "Dere, mpigie wewe. Wewe ndiye uliyembeba."

Nilitoka nje nikasimama karibu na pikapu. Mama Mercy alishika simu kabla haijaita mara ya pili.

"Mama Mercy, siku zimeisha. Mbwa ni mzima. Hana kichaa, wala hakuwa nacho. Daktari anapigia hospitali sasa hivi, wao ndio watakuambia kuhusu sindano zilizobaki."

Nilisikia kuku, nikasikia mtu anakata kuni.

"Mama Dere," akasema, "hizi siku zote, kila Mercy akishika kikombe nimekuwa nikimwangalia kama atameza. Hata uji. Mpaka ameanza kuniuliza, mama, mbona unaniangalia?"

Kisha alitoa simu sikioni, nikamsikia akiita, sauti ikienda mbali na mimi, sauti ya kawaida kabisa ya mama yeyote asubuhi.

"Mercy! Maliza hiyo chai haraka uende shule. Utachelewa."

Na hakubaki pale kumwangalia akiimaliza. Nilimsikia akirudi kwenye simu.